Safu ya Mwisho

Kila mwisho wa Desemba nafanya kazi ileile, mezani palepale. Nalaza kauntabuku kwa upana wake, nashika rula na kalamu ya wino mwekundu, naanza kupiga mistari. Umahiri mkuu. Umahiri mahususi. Shughuli. Mwezi. Wiki. Idadi ya vipindi. Njia za kufundishia. Zana. Upimaji. Rejea. Ukifika hapo ukurasa umekwisha, na ukingoni kulia kimebaki kijinafasi chembamba ambacho hata neno "limefundishwa" halienei mpaka ulikate mara mbili. Kijinafasi hicho kinaitwa Maoni.

Hilo ndilo azimio la kazi. Mwalimu wa shule ya msingi nchini Tanzania hategemewi kuingia darasani Januari bila kuwa nalo, limepitiwa na mwalimu wa taaluma, limetiwa saini na kugongwa muhuri wa shule. Humo ndimo linamotoka andalio la somo la kila siku, na bila hilo mwalimu anafundisha kwa kubahatisha.

Neno lenyewe nimelipenda tangu chuoni. Wangeweza kuliita mpango, au jedwali, au mgawanyo wa mada. Wakaliita azimio, jina lilelile la Azimio la Arusha la 1967, na la lile Azimio la Musoma la 1974 lililotaka kila mtoto wa nchi hii apate nafasi ya kusoma shule ya msingi. Anayeazimia ametia nia mbele ya watu, na watu wale wana haki ya kumwuliza baadaye imekuwaje. Mimi mashahidi wangu ni watoto wa Darasa la Pili. Wana miaka saba, minane, wengine tisa, na wanauliza.

*

Azimio langu la kwanza lilikuwa zuri sana kwa macho. Nimezaliwa na kukulia Njombe, kwenye baridi na viazi, nikapangiwa shule moja ya kijijini juu ya uwanda wa Wamakonde, wilayani Newala, mkoa wa Mtwara. Niliandika azimio kabla sijakaa wiki mbili kijijini. Muhtasari ulikuwa kushoto kwangu, kitabu cha kiada kulia, kalenda ya mihula ukutani. Nikachukua mada na kuzigawa kwa wiki, kila wiki sehemu yake, kama mama anayepakua ugali kwa watoto ambao wote wana njaa sawa. Herufi zangu zilikuwa zimenyooka. Nilijivunia ule ukurasa.

Pale shuleni alikuwapo mwalimu mmoja mzee aliyeingia kazini enzi za UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, akiwa amebakiza miaka michache astaafu. Nilimpelekea aniangalizie. Alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye mistari polepole, asiseme neno. Kisha akaliweka daftari gotini.

"Mwanangu," akasema, "mikorosho ya hapa inaanza kudondosha mwezi gani?"

Sikujua.

"Na visima vya majumbani vinakauka lini?"

Nalo sikulijua. Hata maana ya swali sikuipata vizuri, maana kwetu Njombe maji yanatiririka bondeni mwaka mzima.

"Haya. Kamwulize mama yeyote unayemkuta njiani. Halafu urudi uandike tena."

Niliona haya kuandika tena kazi iliyokwisha. Nikaacha ilivyo. Mwaka ulinifundisha alichotaka kunifundisha kwa dakika tano.

Juu ya uwanda ule hakuna mto. Mvua zinaanza Desemba hivi na kukatika Aprili au Mei, na watu wengi wamechimba visima uani vya kukinga maji yanayotoka kwenye mabati. Mwezi wa nane ukifika, visima vya wengi vimebaki tope, na safari za kwenda kutafuta maji zinaanza alfajiri. Mtoto anayekuja shule amekwisha kubeba ndoo, anasinzia saa nne asubuhi, na hasinzii kwa uvivu. Kisha Oktoba inaingia na korosho zinaanza kuanguka kwa wingi. Wengine wanadhani korosho huchumwa. Korosho haichumwi, inaokotwa: bibo linaiva, linadondoka na korosho yake, na mtu anainama kati ya majani makavu kuitafuta. Jicho la mtoto wa miaka minane linaiona kabla ya jicho la babu yake. Katika miezi mitatu tangu hapo familia inapata fedha ya mwaka, na kila mkono unahesabiwa.

Mimi kutoa kwa namba za tarakimu mbili nilikuwa nimekuweka wiki ya pili ya Oktoba. Somo gumu kuliko yote ya Hesabu mwaka ule, nimelisubirisha mpaka nusu ya darasa ipo mashambani na nusu nyingine imetoka kuchota maji. Niliwafundisha waliokuwapo. Novemba wakaja wengine, nikarudia. Mwisho wa Novemba waliokuwapo Oktoba wakaenda kuokota nao. Mwaka ukaisha, na katika safu ya Maoni niliandika kama nilivyofundishwa kuandika: "Somo limefundishwa, zaidi ya asilimia 80 ya wanafunzi wameelewa."

Haikuwa kweli. Niliiandika kwa sababu ndivyo inavyoandikwa, na sikufikiri kwamba kuna mtu angeisoma. Desemba ile, nilipokaa kupanga mwaka wa pili, msomaji nikawa mimi mwenyewe. Nilitaka kujua nianzie wapi, nikafungua daftari la mwaka uliopita, na ukurasa baada ya ukurasa ukaniambia kwamba wote wameelewa kila kitu. Nilikuwa nimejiandikia barua ya mwaka mzima, na ndani hakuna habari hata moja.

*

Mwaka wa shule ya msingi una siku 194 za masomo. Hesabu hiyo nzuri ni ya karatasini, na mwalimu anayepanga lazima akae aipunguze kwa mkono wake. Wiki za kwanza za Januari ni za kungoja sare na madaftari. Kuna siku za chanjo. Kuna mitihani ya mihula. Septemba Darasa la Saba wanafanya mtihani wa kumaliza, wadogo wanabaki nyumbani. Kisha zinakuja siku za upimaji wa Darasa la Nne, wanabaki tena. Kuna Idd, kuna siku Mwenge wa Uhuru unapita wilayani, kuna mvua za Februari zinazopiga mabati mpaka sauti ya mwalimu haisikiki dawati la pili. Kipindi cha Darasa la Pili ni dakika 30, na ukiwa na watoto zaidi ya 90 mbele yako, ambapo kipimo cha nchi ni 45 kwa mwalimu mmoja, kusahihisha madaftari peke yake kunamaliza hizo 30.

Sisemi haya kulalamika. Nasema kwa sababu kupanga mwaka ni kuamua nini kitaachwa, na uamuzi huo ni mzito kuliko watu wa nje wanavyodhani. Muhtasari hautaji kitu cha kuacha. Unataja vyote, kila kimoja kwa herufi za ukubwa uleule. Anayejua kwamba kusoma kwa ufasaha maneno yenye mw, ng'w na ndw kunahitaji wiki nne na si mbili, na kwamba majina ya maumbo mtoto atayashika kwa siku mbili kwa sababu ameshacheza nayo, ni yule aliyekaa na watoto. Na hata yeye atasahau ifikapo Desemba, kama hakuandika.

*

Mwaka wa pili nilianza kuandika.

Maneno ya kwanza ya kweli niliyowahi kuweka kwenye safu ya Maoni yaliandikwa kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa nafundisha nusu na robo. Kwenye zana nilikuwa nimeandika "korosho," kwa kuwa nilitaka kutumia vitu vya mazingira yao kama tunavyohimizwa, na korosho zilikuwa zimejaa kila baraza. Nikachukua korosho mbichi na kisu, nikaanza kuipasua katikati mbele ya darasa. Watoto wakapiga kelele karibu wote: "Mwalimu, itakuunguza!" Nikadhani wanaogopa kisu. Yale mafuta yaliyomo kwenye ganda yakanitapakaa vidole vitatu, na jioni ngozi ilikuwa imeumuka malengelenge. Ilichukua zaidi ya wiki kubambuka na kupona. Kila mtoto wa pale anajua tangu hajaota meno ya pili kwamba korosho haibanguliwi mpaka ikaangwe, ganda liungue na yale mafuta yatoke. Darasa zima lilikuwa linajua zana yangu kuliko mimi.

Nikaandika: "Nusu na robo: tumia chungwa au muhogo. Kabla ya kuleta zana yoyote ya hapa, waulize watoto inatumikaje."

Ilikuwa mistari miwili, ikatoka nje ya safu ikavamia Rejea. Ila Desemba iliyofuata, nilipofika kwenye ukurasa ule, nilijua la kufanya.

Maoni ya pili ninayoyakumbuka vizuri zaidi yananirudia mpaka leo. Kutoa nilikuwa nimekuhamisha kutoka Oktoba hadi Mei, wakati mvua imekwisha, chakula kipo na mikorosho bado haijachanua. Darasa limejaa. Ubaoni nimeandika 42, chini yake 17, alama ya kutoa, mstari. Nikasema kama nilivyosemewa nilipokuwa mdogo, na kama alivyosemewa mwalimu wangu: "Mbili toa saba, haiwezekani. Kwa hiyo tunakwenda kwa nne, tunakopa kumi."

Msichana mmoja wa dawati la tatu, mkimya, ambaye sijawahi kumsikia akiuliza, akanyanyua mkono.

"Mwalimu, hiyo kumi watairudisha lini?"

Hakuna aliyecheka. Darasa zima liliningoja. Nikasema kwamba kwenye hesabu hairudishwi, unaendelea tu.

Akafikiri kidogo. "Basi hawajakopa," akasema. "Wamechukua."

Lazima ujue kangomba ili ulielewe swali lile. Miezi ya shida, kuanzia Februari hivi, mtu aliyeishiwa anachukua fedha kidogo au debe la mahindi kwa mwenye nacho, na anaahidi kulipa kwa korosho msimu ukifika. Analipa kwa bei ya mwenye nacho. Sheria inakataza, lakini njaa ya mwezi wa tatu haisomi sheria. Mtoto wa nyumba hizo anajua kukopa ni nini kuliko anavyojua kitu kingine chochote kinachohusu namba. Anajua siku ya kurudisha, anajua sauti ya anayekuja kudai, anajua mama yake anavyojibu akiwa ndani. Kisha anakuja shule, na mwalimu anamwambia kuna mahali watu wanakopa kumi, hawarudishi, na jibu linawekewa alama ya vema.

Nilifuta ubao. Nikawaambia tutaendelea kesho, na kesho nikafundisha kitu kingine. Siku tatu nzima nilikuwa natafuta jinsi ya kulisema jambo lile bila kukopa. Mwishowe nilirudi kwenye vijiti. Tulikata vijiti vya kuhesabia, tukavifunga kumi kumi kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Nikampa msichana yule vifungu vinne na vijiti viwili.

"Una vingapi?"

"Arobaini na viwili."

"Nipe kumi na saba."

Akanipa kifungu kimoja. Akatazama vijiti vyake viwili. Akatazama vifungu vitatu vilivyobaki. Sikusema kitu, na ilikuwa vigumu kukaa kimya muda ule. Akachukua kifungu kimoja, akauvuta ule mpira, vijiti vikamwagika juu ya dawati. Akahesabu vyote, kumi na viwili. Akaninyooshea saba. Akapanga vilivyobaki: vifungu viwili, vijiti vitano.

"Ulikopa kwa nani?" nikamwuliza.

"Sijakopa. Nimefungua vyangu."

Niliandika kwenye Maoni, na sijawahi kuyafuta wala kuyafupisha katika azimio lolote tangu siku ile: "Usiseme kukopa. Sema kufungua kifungu. Anza na vijiti, siku tatu, ndipo uende ubaoni." Maneno yale si yangu, ni ya mtoto wa dawati la tatu. Ninachodai ni kwamba niliyaandika yalipotoka, kabla hayajapotea, na kwamba watoto wa miaka yote iliyofuata wamefundishwa na yeye bila kumjua.

*

Tangu hapo ninapanga mwaka kuanzia kulia kwenda kushoto, kama watoto wangu wanavyosoma juzuu zao madrasa jioni. Nafungua daftari la mwaka uliopita, nafunika safu zote kwa karatasi, naacha Maoni peke yake, nasoma kuanzia Januari hadi Desemba. Hapo ndipo mwaka unanirudia. "Wiki ya 3, hawana penseli, nusu wanaandika kwa vidole mchangani, endelea na mchanga." "Hadithi ya sungura wameikataa, wanasema si hivyo bibi anavyoisimulia, mwite bibi." "Wiki ya 31, mwanafunzi wa mwisho kushoto haoni ubao, nimegundua leo." Mbele ya sentensi hiyo ya mwisho nilikaa muda mrefu. Wiki ya 31. Alikuwa haoni tangu wiki ya kwanza. Sasa katika azimio langu, wiki ya pili ya Januari, kipindi cha kwanza, pameandikwa: kila mtoto asome herufi kutoka dawati la mwisho.

Mwalimu Nyerere alipoandika *Elimu ya Kujitegemea* mwaka 1967, alitaka shule iwe sehemu ya kijiji, isiwe kisiwa kinachomtoa mtoto kwao. Tulilisikia kama agizo la jembe, tukalima mashamba ya shule. Mashamba yalikuwa na maana yake. Lakini nimekuja kuamini kwamba agizo lile lilikuwa la karatasi pia. Kijiji kinapaswa kuingia kwenye jedwali la mwalimu: mkorosho, kisima, mwezi wa njaa, mwezi wa fedha. Azimio linaloweza kutumika Newala na Njombe na Musoma bila kubadilishwa hata neno halijaazimia kitu kwa mtoto yeyote.

Aliwahi kuja mthibiti ubora wa shule, akafungua daftari langu, akauliza kwa nini mada zangu haziko katika mpangilio wa muhtasari. Moyo ulinidunda. Nikamwonyesha daftari la mwaka uliotangulia, safu ya mwisho. Alisoma kwa muda mrefu, akifungua kurasa mbele na nyuma. Kisha akasaini, akaniomba nimweleze ile habari ya vijiti.

Ninalo pia azimio la mwaka 2020. Mpaka wiki ya pili ya Machi limeandikwa vizuri kabisa, tena mwaka ule nilikuwa nimeanza kwa kasi. Tarehe 17 Machi shule zikafungwa kwa ajili ya korona, tukarudi tarehe 29 Juni. Kati ya tarehe hizo safu ya Maoni ni nyeupe tupu. Baadhi ya wenzangu walizijaza zile wiki baadaye ili daftari lisionekane na mapengo. Mimi nilishindwa. Kila nikiliangalia lile pengo naona watoto waliokuwa wanasoma sentensi mwezi wa tatu, wakarudi mwishoni mwa mwezi wa sita wakiweka kidole chini ya herufi moja moja, wakinitazama kuona kama nimekasirika. Wiki ya kwanza baada ya pengo nimeandika: "Acha yote. Anza silabi." Ni sentensi fupi, na iliniuma kuiandika, lakini ndiyo iliyouokoa mwaka ule.

*

Siku hizi azimio linapatikana limekwisha kuandikwa. Linatumwa kwa WhatsApp, linachapwa stesheneri, unajaza jina la shule na la mwalimu, basi. Sitamlaumu mwalimu anayefanya hivyo. Ana masomo matano au sita, madaftari mamia, nyumba ya kupanga isiyo na taa, na karatasi za kujaza zinaongezeka kila mwaka. Mwenyewe nimewahi kuliomba la mwenzangu nilipokuwa naumwa. Mtaala ulioboreshwa ulipoanza Januari 2024, kwa Darasa la Kwanza na la Tatu, tulitafuta mifano kila mahali, kwa sababu vichwa vya safu vilibadilika na hatukutaka kukosea. Kuazima umbo si dhambi.

Kuna moja, hata hivyo, lililonifikia kwenye simu na kuninyima usingizi. Lilikuwa la mwaka mzima, limepangwa vizuri, na safu ya Maoni ilikuwa imeshajazwa. Ulikuwa mwezi wa kwanza. Mpaka wiki ya mwisho ya Novemba, kila mstari ulisema somo limefundishwa na wanafunzi wameelewa. Watoto walikuwa bado hawajaingia darasani. Walikuwa wameshaelewa, wameshapimwa, wameshafungiwa mwaka wao, na mmoja kati yao pengine alikuwa haoni ubao. Nilimwandikia aliyelituma, mtu ninayemheshimu, nikamwomba aifute safu ile kabla ya kulituma kwa wengine, aiache wazi. Aliifuta. Kuiacha tupu ni uaminifu. Mtu atakayelipokea atajua kwamba kuna kazi ambayo hakuna wa kumfanyia.

*

Watoto wa uwanda huu wanapelekwa jando wakati wa likizo. Wanarudi Januari wamenyolewa, wametulia, wakubwa kidogo kuliko Novemba, na wengi wao wanarudi na jina jipya. Lile la utotoni limekwisha. Kumwita kwalo ni kumdharau.

Mwaka wangu wa kwanza sikuelewa. Niliita mahudhurio kwa daftari la mwaka uliopita, nikafika kwa kijana mmoja, nikaita, kimya. Nikaita tena huku namtazama usoni. Akatazama dirishani. Niliandika "hayupo," na alikuwa amekaa mita mbili kutoka nilipo. Siku nne mfululizo nilimwandika hayupo kwa hasira, mpaka yule mwalimu mzee aliponiita pembeni na kuniambia niulize.

Sasa wiki ya kwanza ya azimio langu haina mada ya muhtasari. Kwenye shughuli pameandikwa "Majina." Vipindi vyote vya Kuandika vya wiki hiyo ni vya majina. Kila mtoto anasimama anasema anaitwaje mwaka huu, analiandika ubaoni, wenzake wanalisoma kwa silabi. Kwa jina lake mtoto anajifunza herufi kubwa ya mwanzo kwa haraka kuliko kwa jina la mtu wa kitabuni, na nikiulizwa ni umahiri upi, nina jibu.

Usiku huu nimepiga mistari ya mwaka mpya. Nimeanzia kulia. Maoni nimeipa upana wa vidole vinne, na safu nyingine zimejibana zilivyoweza. Njia za kufundishia nitaziandika kwa herufi ndogo. Nje, kwa jirani, korosho za mwisho za msimu zimeanikwa kwenye turubai na mtu anazikusanya kwa koleo kabla mvua haijashuka. Mtoto wake amerudi jana kutoka jandoni. Amekuja mpaka mlangoni kwangu akiwa na shuka begani, amesimama kizingitini.

"Shikamoo, Mwalimu. Mama anauliza shule inafunguliwa lini."

"Marahaba. Jumatatu." Nikafungua ukurasa wa kwanza. "Sasa unaitwa nani?"

Akanitajia. Nikamwomba alirudie polepole, silabi kwa silabi, nami nikaliandika.